Kanga ya mama na maneno niliyochelewa kumwambia

*Shangazi, mama alifariki mwezi wa nne tukiwa hatusemezani kwa sababu ya kiwanja. Ameniachia doti ya kanga. Nataka kuidarizi maneno ya kumwomba radhi, lakini nimejaribu mara mbili: kitambaa kinajikunja, herufi zinapinda, nami naishia kulia. Dada zangu wanasema najiendekeza. Niache?*
*Wa Ujiji, Kigoma*

Pole sana, mwanangu. Usiache, ila kanga ya mama irudishe sandukuni kwanza. Kanga ni nyepesi, na iliyofuliwa miaka mingi imelegea: ukiikaza kwenye fremu inatanuka, ukiitoa inarudi na kujikunja palepale uliposhona. Tena ina jina lake tayari, na maneno yako yatagombana nalo.

Nenda soko la Mwanga, nunua nusu mita ya marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Ifue kwa maji ya moto na uipige pasi kabla hujaishika sindano, maana husinyaa, na ikisinyaa baadaye herufi zote zimekwenda.

Sasa huko kujikunja. Fremu ya sentimita 15 inakutosha. Bangili yake ya ndani izungushie utepe wa kitambaa ili marekani isiteleze, kisha ikaze mpaka ukiigonga ilie kama ngoma. Uzi wa kudarizi ni nyuzi sita zilizoungana. Chambua, utumie mbili au tatu. Ukate urefu wa ncha ya kidole hadi kiwiko, basi. Mrefu zaidi ya hapo hujisokota na kuchakaa njiani. Vuta hadi uzi ulale juu ya kitambaa, uishie hapo. Geuza kazi yako ya zamani uitazame kwa nyuma: palipokunjamana sana huenda ndipo ulipokuwa unalia, kwa sababu mkono wenye uchungu huvuta. Machozi yakija, chomeka sindano pembeni, yaache yaishe.

Herufi zimepinda kwa sababu mishono ni mirefu kwenye kona. Uzi ulionyooka haukubali kuzunguka. Tumia mshono wa kurudi nyuma, yaani sindano hutokea mbele kisha hurudi kuchoma ulipoishia mshono uliotangulia, milimita 4 kwenye mistari iliyonyooka na 2 kwenye tumbo la a au e. Andika kwanza kwenye karatasi kwa kalamu nzito, kwa mwandiko wako mwenyewe, herufi kubwa zikiwa na kimo cha sentimita 3. Ibandike kwenye kioo cha dirisha mchana, weka marekani juu yake, fuatisha kwa penseli iliyochongwa vizuri. Karatasi ya kaboni usiiguse, wino wake ni mgumu kutoka.

"Nisamehe mama" ni herufi 12. Kwa nusu saa kila jioni utapata mbili, labda tatu. Chagua maneno machache, na yasiwe methali: jina la kanga ni fumbo la kusomwa na majirani, hili halisomwi na mtu. Neno "kiwanja" nalo liingie, kwa sababu ndilo linalokukaba. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake, huko Marekani, waliwaandikisha wanafunzi dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza. Walipomaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo kulia kwako hakumaanishi kazi imeshindikana.

Dada zako nao wamefiwa, usibishane nao. Lakini kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, huli, au unatamani kumfuata mama, weka sindano chini uende Hospitali ya Maweni leo, na umwambie daktari hivyo hivyo.

Ukimaliza, fua kwa maji baridi na upige pasi upande wa nyuma, kazi ikiwa imelala kifudifudi juu ya taulo. Uzi mwekundu ujaribu kwanza kwenye kitambaa cheupe kilicholowa, usije ukachuja. Hapo ndipo utoe kanga. Shikiza marekani kwa ndani, karibu na pindo, kwa mishono mirefu iliyolegea, ili siku ukitaka kujitanda kanga peke yake uifumue bila kuichana.