Mfanyakazi wa komini, fuata makato yako mpaka yafike kwenye mfuko

Katika komini (manispaa) saba za Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Annexe, watu wawili wanaweza kukaa ofisi moja, wakapiga mihuri ileile, na pensheni zao zikapita njia mbili tofauti. Kwa hiyo anza kwa kujua uko upande gani. Mwenye matrikule ya Leta, yaani namba ya mtumishi wa serikali, ambaye mshahara wake unatoka hazina ya Kinshasa na kupita benki, ni wa CNSSAP, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali, ulioundwa kwa dekreti ya Desemba 2015 na kuwekewa sheria yake Julai 2022. Mwenye kontra ya kazi, ambaye komini yenyewe inamlipa kwa mapato yake, ni wa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa wafanyakazi wa kontra, ule ambao wazee bado wanauita INSS. Sheria yake ni ya tarehe 15 Julai 2016.

Tuanze na wa kontra, kwa sababu huko ndiko komini inapaswa kutoa pesa kwa mkono wake. CNSS inadai 18% ya mshahara. Mfanyakazi anakatwa 5%, mwajiri anaongeza 13%: 5% ya pensheni, 6.5% ya posho za familia na 1.5% ya ajali na magonjwa ya kazini. Posho ya usafiri, ya nyumba na ya watoto hazihesabiwi. Chukua mshahara wa franka 400,000. Mfanyakazi anakatwa 20,000, komini inatoa 52,000, na mfuko unapaswa kupokea 72,000. Komini yenye watu 60 wa mshahara huo inadaiwa 4,320,000 kila mwezi, na kati ya hizo 1,200,000 ni jasho la wafanyakazi wenyewe. Tamko na malipo vinatakiwa ndani ya siku 15 za mwanzo za mwezi unaofuata.

Tatizo huanzia kwenye mshahara wa mkononi. Mwezi ushuru wa soko ukiwa mdogo, kasha linakuwa na pesa za kulipa kile mtu anachopokea tu. Mhasibu anaandika makato kwenye karatasi ya mshahara, anagawa kilichopo, na zile 5% hazikuwekwa popote. Mfanyakazi anasoma «CNSS 20,000» kwenye karatasi yake na kulala usingizi, kumbe mfuko haujapokea hata franka. Miezi sita ikipita hivyo, ile komini ya watu 60 ina deni la 25,920,000 kabla ya adhabu ya kuchelewa, na hakuna bugumestre (mkuu wa komini) atakayepata pesa hiyo kwa mara moja. Hili linatuuma, kwa sababu anayeumia ni mzee aliyefagia masoko na kukusanya ushuru miaka yote.

Kwa hiyo usitosheke na karatasi ya mshahara. Omba vitu viwili kwa mhasibu: orodha ya majina iliyotumwa CNSS pamoja na tamko la mwezi, na hati ya benki inayoonyesha malipo. Tazama kama jina lako limo, limeandikwa kama kwenye kitambulisho chako, na namba yako ya CNSS ni ileile. Kisha nenda ofisi ya CNSS mwenyewe na uulize miezi mingapi imeandikwa kwa namba yako. Fanya hivyo kila mwaka, maana kutafuta hati za mwaka jana ni rahisi kuliko za bugumestre wa tatu aliyepita.

Wahasibu nao, sehemu ya mwajiri iwekwe kwenye bajeti kwa mstari wake peke yake, isichanganywe na mishahara. Hati ya kulipa CNSS itiwe saini siku moja na hati ya mishahara, pesa itoke siku hiyo. Msihesabu kwa kutegemea pesa za Kinshasa: Katiba inazipa mikoa 40% ya mapato ya taifa, na vyombo vya chini, kama komini, vina haki ya 40% ya fungu hilo, lakini zinazofika ni chache na hazina tarehe. Pia msiguse fungu la 15% ambalo vyombo hivyo hupata kwenye mrabaha wa madini kwa kazi hii. Sheria ya migodi (Code minier) ya 2018 imelitenga kwa miundombinu ya msingi ya wananchi.

Kwa wa CNSSAP, komini haitumi pesa. Makato hufanyika Kinshasa kwenye orodha ya mishahara, na ndiyo sababu wale wa NU (nouvelles unités), walioajiriwa lakini hawajaingizwa kwenye orodha, hawakatwi chochote hata wakiwa na miaka kumi kazini. Prime ya hapa, yaani posho wanayopewa kazini, haiwahesabii pensheni. Kazi yao ya kwanza ni kufuatilia matrikule, na kutunza nakala za arete (hati rasmi) ya kuajiriwa, barua ya kupangiwa kazi na kila barua ya kupandishwa cheo. Tarehe ya kuzaliwa iwe moja kwenye karatasi zote. Tofauti ya mwaka mmoja inatosha kusimamisha faili.

Na kwa pande zote mbili: ndoa iandikwe etasivili, ofisi ya komini inayoandikisha ndoa. Mahari iliyotolewa kijijini bila hati humwacha mjane akihangaika kutafuta hukumu ya mahakama kabla ya kudai haki yake, wakati daftari la kuandikisha ndoa liko kwenye komini ileile marehemu alikofanya kazi.