Lipu inabanduka, sakafu inabonyea: tuanzie wapi?

SWALI

Mzee wetu, assalaam alaykum na shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli, mama wa watoto watatu. Novemba iliyopita mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya mawe ya ghorofa moja hapa Malindi, Mji Mkongwe. Tuliikuta imepakwa rangi mpya chini hadi juu, tukafurahi. Masika hayajafika katikati, ukuta wa chumba cha chini ukaanza kutoa unga mweupe kama chumvi. Lipu ikavimba, sasa inabanduka vipande vikubwa kama sahani. Juu, chumba wanacholala watoto, sakafu imebonyea upande wa bafu. Ukiweka gololi inabingirika yenyewe hadi ukutani. Bafu tulilikuta, sisi tumeongeza tu tangi la lita 1,000 kwa sababu maji hukatika. Fundi anasema tubandue lipu yote, tupige ya simenti nzito, ukuta utanyamaza. Anataka milioni nne na nusu, nasi tumebakiwa na milioni sita. Mume wangu anataka tumdai aliyetuuzia. Tuanzie wapi?
Mama wa Watatu, Malindi, Unguja

JIBU

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Kabla hujamaliza kusoma, wahamishe watoto kutoka chumba kile, kisha fungua bomba la tangi maji yamwagike yote. Wala usingoje mwisho wa wiki.

Umeniandikia tangi kama jambo la kupita, na mimi ndilo lililonishtua. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mmeweka tani nzima juu ya sakafu ambayo tayari inalalamika. Sakafu za nyumba zetu ni nzito zenyewe: boriti za mkandaa zimepangwa karibu karibu, juu yake mawe, juu ya mawe chokaa iliyopigwa kwa magongo mpaka ikashikana. Mzigo wote huo unakaa juu ya vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba aliupanga mkandaa kwa urefu wa mti wake, si mwenye nyumba.

Boriti ya namna hii aghalabu haianzi kuoza katikati, pale unapoiona ukilala chali kitandani. Huanza kichwani, ndani ya ukuta, gizani. Chukua bisibisi ndefu, ingia chumba cha chini ya bafu, panda ngazi, uisukume kwenye kila boriti pale inapokutana na ukuta. Ikigoma, boriti ni nzima. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, boriti hiyo imekwisha. Tia alama ya chaki kila iliyokubali, uzihesabu. Na kama dari ya chini imezibwa kwa mbao au jipsamu, ifunguliwe upande ule wote, hata kama ni nzuri.

Zikizidi mbili zilizooza, sakafu isimamishiwe mirunda siku hiyohiyo, ubao mpana chini na ubao mpana juu, kabla mtu yeyote hajagusa ukuta kwa nyundo. Hapa nakusihi kama baba. Sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, upande wa Beit al-Ajaib, jumba la kale pale Forodhani, ulipoporomoka na watu wakapoteza maisha. Jumba lile la mwaka 1883 lilikuwa kwenye ukarabati. Nyumba ya mawe huvumilia miaka mingi, ikifika mwisho wa kuvumilia haikupi muda wa kukimbia.

Sasa ukuta. Fundi wako simlaumu. Huenda kazi kaijulia Fuoni na Mwanakwerekwe kwenye nyumba za matofali, na huko simenti ndiyo yenyewe. Ukuta wako ni wa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Hunywa maji wakati wa mvua, kaskazi ikivuma huyatoa. Ukiuvika simenti, maji yanayopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, hivyo huzidi kupanda. Yakifika juu hukutana na nini? Vichwa vya boriti. Ule unga unaouona ni chumvi: maji huibeba kutoka chini na kutoka kwenye mawe yenyewe, yakikauka huiacha nyuma ya rangi, nayo ndiyo inayoivimbisha lipu mpaka ikabanduka. Rangi ya plastiki mliyoikuta imezidisha, kwa sababu nayo huziba.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililifanya mwenyewe. Mwaka 1996 niliipiga simenti nyumba ya mama yangu, Mkunazini, ukuta mzima, kwa mkono wangu, nikimwonyesha kila jirani ulivyonyooka. Masika saba baadaye mama akasikia usiku mlio kama wa mtu anavunja kuni. Boriti mbili zilikuwa zimeshuka. Mwenyezi Mungu alimlaza upande wa pili wa chumba. Nilipobomoa ile lipu yangu niliukuta ukuta mweusi, umelowa kama mtungi, na kichwa cha boriti kikanitokea mkononi kama machicha ya nazi. Tangu siku ile sijapiga simenti ukuta wa mawe, na kazi nyingi nimezikosa kwa hilo.

Kwa hiyo hizo milioni sita zisianze na lipu. Zianze na maji. Mvua kubwa ikinyesha, chukua mwavuli utoke kichochoroni uitazame nyumba yako kutoka nje: maji ya paa yanaangukia wapi, mfereji gani umetoboka, bomba la bafu linatona wapi. Utajifunza zaidi kwa nusu saa hiyo kuliko kwa fundi watatu. Nenda na kwa jirani, kwa salamu na adabu, umwombe kuona upande wake. Nyumba zetu nyingi zimeegemeana ukuta mmoja, na mara nyingi nimekuta maji ya choo cha jirani ndiyo yanayoozesha boriti za mwenzake, naye hana habari. Bafu la juu, kama halina njia nzuri ya maji, lifungeni kwa sasa, mwogee chini. Tangi likae chini pia, juu ya ardhi, na pampu ndogo ipandishe.

Boriti ndizo zinazofuata, na hapo ndipo pesa itakwenda. Msikubali kukata kichwa kilichooza na kuunga kipande kwa misumari.

Lipu iwe ya mwisho. Banduzeni iliyolegea (igonge kwa vidole, inayolia kama ngoma imeachana na ukuta) na muuache ukuta uchi kaskazi nzima upumue. Ubaya wa sura uvumilieni. Kisha ipigwe lipu ya chokaa, iliyozimwa na kulowekwa kwenye pipa kwa wiki kadhaa, kwa mchanga usio na chumvi, matabaka membamba, kila tabaka likifunikwa magunia mabichi siku kadhaa lisikauke kwa pupa. Rangi nayo iwe ya chokaa.

Kabla ya kuanza kazi ya boriti na lipu, nendeni kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe muombe kibali. Najua watu huogopa kuzungushwa, lakini ukarabati huku kwetu una masharti yake. Mkiwa pale ulizeni pia nani bado anaijua kazi ya chokaa, wamebaki wachache.

Kuhusu aliyewauzia, mumeo ana haki ya kuuliza. Pigeni picha kila kitu leo, pamoja na hiyo gololi, kabla hamjabandua lolote, maana lipu ikishatupwa ushahidi nao umetupwa. Waulizeni majirani rangi ilipakwa lini, na kama ukuta ulikuwa ukilowa masika yaliyopita. Kisha mkataba mkononi, mwende kwa sheha, na kwa wakili mkiweza. Ila nyumba isingoje kesi.

Mwambie fundi wako milioni nne na nusu hazipo kwa sasa. Kisha niandikie boriti ngapi zimeikataa bisibisi.