Betri Imekufa, Muuzaji Hashiki Simu

Joto la kaskazi likishapanda, magari ya Malindi huanza kukohoa asubuhi, nami huanza kupokea barua za betri. Wiki hii zimezidi, na karibu zote zina wimbo mmoja: niliagiza mtandaoni, imekufa, muuzaji ananizungusha. Nimechagua zenye faida kwa wengi. Wale wa "Fundi, gari haliwaki, shida nini?" bila kutaja gari gani, betri ya lini, wala stata inalia vipi, wanisamehe. Mimi ni fundi umeme, si mpiga ramli.

Swali: Fundi, nilinunua betri ya gari, saizi ya N70, kwa duka la mtandaoni la Nairobi, ikaletwa na basi. Waranti ni mwaka mmoja. Huu ni mwezi wa tano na kila asubuhi nasukumwa na vijana wa mtaa. Muuzaji anasema betri hakuitengeneza yeye, niwatafute wenye kiwanda. Nifanyeje? *Msomaji, Maweni*

Jibu: Mwenye kiwanda hukumpa pesa. Ulimpa huyo, na huyo ndiye mnayedaiana. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ile Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 imelishika hilo hilo na kumzuia muuzaji kulifuta kwa maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo lile tangazo la "Mali ikishauzwa hairudi" ni pambo la ukutani. Katiba nayo, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro yake.

Wengi wa wauzaji hawa hawana hata rafu moja. Picha wameiokota kwingine. Ukiagiza, kijana anatumwa Kirinyaga Road, bei inaongezwa kidogo, mzigo unapakiwa basi la usiku. Betri ikileta matata hataki kurudi nayo kule, pengine kwa sababu na yeye hakuchukua risiti. Huo ni mzigo wake na aliyemuuzia, usikubali kutwishwa.

Lakini kabla hujamwandikia, pima. Betri ichajiwe mpaka ijae, ivuliwe vichwa (cha hasi kwanza, tafadhali), ilale usiku mzima, asubuhi uweke mita. Betri nzima ya volti 12 itasoma kama 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu hivi. Ikikaribia 12 imekwisha. Na kama ilichajiwa vizuri halafu ukaikuta 10.5, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, maana kila chumba hutoa volti 2 na ushei. Hapo muuzaji hana pa kujificha. Mwambie fundi akuandikie kwenye karatasi yake: tarehe, nambari ya gari, volti kabla na baada ya chaji, na altaneta, ile mashine ya kuchaji betri injini ikizunguka, inatoa ngapi. Piga picha mita ikiwa juu ya betri, nambari ya betri ionekane hapo hapo.

Kisha andika. Nimesema andika, usipige. Mtu anayekuzungusha hupenda simu, kwa sababu kesho atasema hakusema. Ujumbe wenyewe hauhitaji wakili: "Tarehe fulani nilinunua kwako betri ya N70, nikakulipa kiasi fulani kwa M-Pesa, nambari ya muamala ni hii. Imepimwa na fundi, majibu ni haya pichani. Nataka unibadilishie au unirudishie pesa. Nakupa siku 14." Basi. Usimtukane, usimwapizie, usimweleze ulivyochelewa harusi ya binamu yako Mambrui.

Swali: Kadi ya waranti nilitupa pamoja na kasha. Nimepoteza haki yangu? *Msomaji, Shela ya Malindi*

Jibu: Haki ya kisheria haikai ndani ya kadi. Ile ahadi ya muuzaji ya miezi 12 ndiyo inayoweza kuwa na masharti ya kadi. Ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo yenu na tangazo alilotumia vyote ni ushahidi; hilo tangazo lipige picha leo, kabla halijafutwa. Na mara nyingine kasha la betri lisiende jalalani kabla mwaka haujaisha. Nyumba zetu zina makasha ya televisheni ya tangu enzi za Moi, la betri ndilo linalowakera?

Swali: Naendesha tuktuk hapa mjini. Betri mpya imekufa kwa wiki sita tu. Fundi wangu kasema betri zote za mtandaoni ni feki. Nataka pesa yangu yote. *Dereva, Barani*

Jibu: Fundi wako amepima kwa mita gani, ulimi? Betri mpya kufa kwa wiki sita inawezekana, lakini mara nyingi muuaji yumo ndani ya chombo chenyewe. Washa injini, weka mita kwenye vichwa vya betri. Isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikisoma chini ya 13, betri yako haichajiwi, inanyonywa tu. Ikipita 15, inachemshwa. Katika hali zote mbili utaletewa betri nyingine, nayo utaizika baada ya wiki sita.

Nitakupa kisa. Zamani nilipokuwa na gereji, alinijia bwana mmoja wa Gede na pikapu, betri ya tatu katika mwaka mmoja. Alikuwa ameshagombana na muuzaji mpaka wakaitana kwa chifu. Nikazima gari, nikavua kichwa cha hasi, nikapitisha mita katikati kupima umeme unaovuja. Gari likiwa limezimwa, mvujo wa kawaida ni miliampea 50 au chini ya hapo. Lake lilikuwa linanyonya 600. Fanya hesabu: kwa siku ni zaidi ya ampea-saa 14, na betri yake ilikuwa ya ampea-saa 60. Akiliacha siku nne bila kuendesha, imekauka. Chanzo kilikuwa amplifaya ya muziki ambayo kijana wake aliunga moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi. Betri zote tatu zilikuwa nzima siku aliyozinunua. Alilipa akaondoka bila kuaga, na muuzaji aliyetukanwa hakuombwa radhi mpaka leo.

Na wewe tuktuk yako kila abiria anataka muziki, sivyo? Anzia hapo. Ikiwa altaneta ni nzima na hakuna kinachovuja, basi kamata muuzaji, lakini soma masharti yake kwanza. Waranti nyingi hupunguza miezi kwa vyombo vya biashara, teksi na tuktuk zikiwemo. Kama alikuuzia akijua ni ya tuktuk na hakukutajia sharti hilo kabla hujalipa, mkumbushe kwamba sheria ya 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni akupe taarifa muhimu mapema, pamoja na nakala ya mkataba. Sharti linalochomoza betri ikishakufa ni hila.

Swali: Betri gani nzuri? *Wasomaji saba*

Jibu: Yenye tarehe ya karibuni, ya muuzaji mwenye mlango unaoweza kubishwa.

Swali: Assalamu alaikum. Sisi huku Amu hatuna magari, lakini nilinunua betri ya gari mtandaoni kwa taa za mashua na televisheni ya nyumbani. Miezi mitatu imeoza. Muuzaji anakataa waranti, anasema nimeitumia vibaya. Ni haki? *Nahodha, Langoni*

Jibu: Waalaikum salaam, nahodha. Safari hii nasikitika kumwunga mkono muuzaji, ila si moja kwa moja.

Betri ya gari imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini ishike, kisha altaneta iijaze tena. Sahani zake za madini ya risasi ni nyembamba na ni nyingi. Ukiikamua usiku kucha kwa televisheni mpaka iishe, na kesho tena, sahani zinavaa ukoko wa salfati na hazirudi. Kazi yako inataka betri ya kukamuliwa taratibu, ile ya sola, yenye sahani nene. Ina bei, najua. Lakini betri tatu za gari kwa mwaka zina bei gani? Na humo mashuani, chumvi ya hewa inakula vichwa, vipake grisi.

Sasa ule upande wa pili. Sura ya 31 ina kifungu kwamba ukimweleza muuzaji kazi unayotaka, ukategemea ujuzi wake, yeye akakupa kisichofaa kazi hiyo, lawama ni yake. Rudi kwenye mazungumzo yenu. Ikiwa uliandika "nataka ya taa za mashua na TV" naye akajibu "hii ni kiboko", una kesi. Ikiwa uliandika "N70 bei gani?" tu, huna. Ndiyo sababu kila siku nawaambia watu waseme haja yao kabla ya kuuliza bei, nao huniona mzee mwenye maneno mengi.

Swali: Muuzaji amekubali, lakini anataka niirudishe Nairobi kwa gharama yangu. *Mama wa duka, Watamu*

Jibu: Usiipeleke popote kabla hajaandika kwamba ikithibitika ni mbovu atakurudishia nauli. Kosa ni la betri yake, kwa nini wewe ulipe basi? Mpendekezee jambo jepesi kwanza: achague fundi wa hapa Malindi au wakala wa Mombasa anayemwamini, ipimwe mbele yako, majibu yatumwe kwa picha. Mombasa ni kilomita 120 tu, Nairobi ni safari ya usiku kucha. Akikataa upimaji wa karibu na kukataa nauli pia, ujue anategemea uchoke.

Ikibidi isafiri, betri si mahamri. Ina asidi, na ina uzito wa kuvunja mguu. Isimame wima, vichwa vifungwe kwa plastiki visigusane na chuma, na makanga aambiwe ni nini. Mwaka fulani mzigo wa mtu ulilazwa ubavu chini ya viti vya matatu ya Mombasa, na aliyekuwa karibu akashuka na suruali yenye madirisha. Ikikumwagikia mwilini, maji mengi, mara moja, na muda mrefu.

Swali: Nimebadilishiwa betri mwezi wa tisa. Waranti inaanza upya? *Msomaji, Kisumu Ndogo*

Jibu: Kwa wauzaji wengi hapana, unamalizia miezi iliyobaki. Mwambie aandike ni mingapi.

Swali: Pesa nilituma kwa nambari yake ya simu, si Till. Betri ilikuja mbovu, sasa amenizuia WhatsApp. Nimetuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 pesa zirudi, hawakurudisha. *Kijana, Mambrui*

Jibu: 456 ni ya aliyekosea nambari akatumia mtu mwingine pesa. Wewe hukukosea nambari, ulikosea mtu. M-Pesa si hakimu wa betri.

Nimesema mpaka sauti imekauka: lipa kwa Till au Paybill yenye jina la biashara, na udai risiti ya kodi ya KRA, ile ya mfumo wa eTIMS. Mtu anayesema "tuma kwa hii namba yangu, Till ina shida" anakwambia mapema kwamba hataki kupatikana. Bei yake huwa chini kwa elfu moja au mbili, na hiyo elfu ndiyo inayowapofusha watu.

Sasa lililobaki. Jina lililojitokeza ulipotuma pesa unalo. Mtumie madai yako kwa ujumbe wa kawaida wa simu, kwa maana aliyekuzuia WhatsApp si lazima awe amezuia na huo. Ukijua anakofanyia biashara, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambayo sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Nenda pale mahakamani Malindi, uliza dawati la kufungulia kesi wakuelekeze. Mamlaka ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya watumiaji, na muuzaji mwenye duka la kweli huogopa barua yao kuliko matusi yako. Ukishaona hana duka, hana jina la biashara, na watu wengine wanalia vivyo hivyo, hilo si suala la waranti tena. Ni utapeli, peleka polisi.

Swali: Nikisubiri muuzaji ajibu, muuza chuma chakavu ananipa pesa kwa hii betri mbovu. Niuze? *Msomaji, Maweni*

Jibu: Wewe ndiye wa swali la kwanza, nimeutambua mwandiko. Bwana, hiyo betri ndiyo shahidi wako! Ukiiuza, muuzaji atakuuliza iko wapi, utamwonyesha picha? Iweke kivulini, mbali na watoto, usiifungue wala usiiongeze maji wala asidi, maana ikiguswa tu atasema umeiharibu mwenyewe.

Na hata baada ya hapo, angalia unampa nani. Wanaozipasua kwa panga na kumwaga asidi mtaroni ili watoe risasi, usiwape. Risasi ni sumu, haina harufu na haina haraka. Kule Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi ukutani mwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024. Waliokufa hawakurudi. Betri kuukuu irudishe kwa wenye betri, wengi hukupunguzia bei ya mpya.

Muuza chuma mwambie apite tena baada ya zile siku 14.