Msitoe alama kabla ya kufungua ripoti: kwa wahadhiri wasaidizi wapya

Wadogo zangu mlioajiriwa mwaka huu,

Jumatano nilikaa nyuma ya maabara ya kompyuta kuwasaidia kusimamia kwizi zenu za kwanza. Hata saa nne asubuhi haijafika, nilikuwa nimeshaona makosa matatu ninayoyafahamu vizuri. Kwizi moja ilikuwa imejifungua usiku. Nyingine ilikuwa na chaguo la "Yote yaliyo juu" likiwa limekaa juu kabisa, halina kitu juu yake. Ya tatu ilikuwa ikimwonyesha mwanafunzi majibu sahihi mara tu anapowasilisha, huku zamu tatu nzima zikisubiri nje kwenye vimbweta na simu mkononi.

Nawapenda, na ndiyo maana nilirudi nyumbani nimekasirika. Makosa haya hayamwumizi mtunga swali. Yanamwumiza kijana ambaye nusu alama inamtenga na kukeri, yaani kulibeba somo hadi mwaka unaofuata. Kwa hiyo naandika, na naomba msome hadi mwisho, hasa namba 4.

1. Saa. Moodle, mfumo tunaoutumia kwa kwizi za kompyuta, inahesabu saa ishirini na nne kuanzia usiku wa manane, haijui saa zetu. Ukimwambia CR, kiongozi wa darasa, kwamba kwizi ni saa mbili asubuhi, kwenye mfumo unaweka 08:00. Mwenzenu aliweka 02:00. Kwizi ikafunguka saa nane za usiku, na vijana kumi na mmoja waliokuwa macho na madesa yao wakaikuta, wakaifanya, wakaimaliza, mwalimu yuko usingizini. Nimesikia mnataka kuwafutia alama na kuwaita wadanganyifu. Hapana. Walikuta mlango wazi na tangazo linasema kwizi ni leo. Watungieni wote kwizi nyingine, na safari hii tangazo liandikwe kwa namna zote mbili, saa 2:00 asubuhi na 08:00, kwenye mstari mmoja. Na mkikuta mfumo uko nyuma kwa saa tatu kamili, sava inasoma saa za kimataifa za UTC. Waambieni watu wa TEHAMA warekebishe ukanda wa saa, msijaribu kujumlisha kichwani.

2. Kuchanganya machaguo. Mfumo ukichanganya, "Yote yaliyo juu" inaweza kuangukia popote. Futeni chaguo hilo kabisa, na "Hakuna jibu sahihi" liende nalo. Machaguo ya tarakimu yapangwe kutoka dogo hadi kubwa, na kwa swali hilo zimeni uchanganyaji.

Vipotoshi, yaani yale machaguo yasiyo sahihi, msivitunge kwa kubuni tu. Chukueni makosa ambayo wanafunzi wenyewe huyafanya. Mimi kila mwaka nawapa swali la kujaza kwanza, bila machaguo, kisha nakusanya majibu mabaya yanayojirudia. Nikiuliza mediani ya 12, 7, 3, 15 na 9, asiyepanga namba ananiambia 3, anayechanganya mediani na wastani ananiambia 9.2, na anayetoa ndogo kwenye kubwa ananiambia 12. Hivyo vitatu ni vipotoshi vya kweli, kila kimoja kina mtu nyuma yake na kila kimoja kinaniambia nirudi kufundisha nini. Mkipata viwili tu vya namna hiyo, acheni machaguo matatu. Kipotoshi kisichochaguliwa na yeyote kinajaza nafasi tu.

Shikeni mfano huo wa mediani, nitaurudia.

3. Majibu kuonekana mapema. Maabara ina kompyuta 60, darasa lina watu zaidi ya mia mbili, maana yake zamu nne. Kwenye mipangilio ya mapitio ondoeni tiki ya jibu sahihi kwenye safu ya mara baada ya kuwasilisha, na kwenye safu ya wakati kwizi bado iko wazi. Lakini ile safu ya baada ya kwizi kufungwa iacheni na tiki. Najua mnaogopa benki ya maswali kuvuja. Hata mimi niliogopa, nikaficha kila kitu, na hofu hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye namba 4.

4. Ufunguo wa majibu. Hili sijawahi kulieleza lote mbele ya watu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa Takwimu ya utangulizi, wanafunzi 212. Mkuu wa idara alitaka coursework (alama za kabla ya mtihani wa mwisho) ihamie kwenye kompyuta, nami nililidaka jambo hilo kwa mikono miwili. Kusahihisha madaftari ya watu 212 kulikuwa kumenimaliza. Nikaandaa maswali 40 kwenye faili la maandishi, ule mpangilio wa Aiken ambao wote mnautumia: shina, yaani swali lenyewe, kwenye mstari mmoja, machaguo chini yake A hadi D, na mstari wa mwisho unaoitaja herufi ya jibu. Kwizi ilikuwa na alama 20, kila swali nusu alama. Ishirini nyingine zilitoka kwenye kazi za semina. Chini ya 16 kwa 40, mwanafunzi haingii kwenye mtihani wa mwisho.

Usiku wa kuamkia kwizi nililipitia faili mara ya mwisho. Nikaona machaguo ya tarakimu yamekaa ovyo. Swali la mediani lilikuwa hivi: A. 12, B. 3, C. 9.2, D. 9, na chini yake ANSWER: D. Nikayapanga yakawa A. 3, B. 9, C. 9.2, D. 12. Yakapendeza. Mstari wa chini sikuugusa. Bado ulisema ANSWER: D.

Nilipanga hivyo maswali tisa. Mawili, kwa bahati, jibu lilibaki kwenye herufi yake. Saba yaliharibika.

Angalieni vizuri kilichotokea kwenye lile la mediani. Aliyezipanga namba vizuri na kuchagua 9 alipata sifuri. Aliyechanganya mediani na tofauti ya kubwa na ndogo, akachagua 12, alipata nusu alama yake kamili. Mfumo uliwaadhibu waliojua na kuwalipa wasiojua, na uliifanya kazi hiyo haraka, bila kuchoka, kwa watu wote 212. Tangu 1938, IBM 805 ilipokuwa ikihisi umeme unaopita kwenye grafiti ya penseli ya mtahiniwa, mashine ya kusahihisha ina kazi moja: kulinganisha alama iliyowekwa na ufunguo iliopewa. Ufunguo ukiwa mbovu, mashine haina pa kujua.

Alama zikatoka palepale. Nilifurahi. Niliziingiza kwenye jedwali la coursework jioni ileile na kuzibandika.

Siku mbili baadaye alikuja binti mmoja ofisini. Si wa mbele darasani, ni wale wa safu ya katikati wanaoandika kila kitu. Alikuwa na daftari. Alisema yeye na mwenzake wamekaa wakayakumbuka maswali, wakayafanya upya, na kwa hesabu yao alitakiwa awe na kama kumi na tatu kwa ishirini, lakini mfumo umempa kumi. Jumla ya coursework yake ilikuwa 14.5. Akaniomba aone karatasi yake.

Nilikuwa nimefunga mapitio yote, kwa hiyo hakuweza kuona alikosa swali gani. Alichokuwa nacho ni jumla tu na lile daftari, na alikuwa ameshalifungua kwenye ukurasa wenye namba tano zilizopangwa, ya katikati ameizungushia duara. Nilikuwa na kikao. Nilimwambia, "Kompyuta haina upendeleo. Ingekuwa nimesahihisha mimi ningekuelewa." Sikuliangalia daftari. Akasema "sawa mwalimu," akalifunga, akatoka.

Hakuingia kwenye mtihani. Akakeri somo langu, akaenda nyumbani Kigoma.

Niligundua miezi mitatu baadaye, si kwa bidii yangu. Mtahini wa nje alikuja kupitia mitihani ya idara, akaomba ripoti ya takwimu ya kwizi. Nilikuwa sijawahi kuifungua. Tukaifungua pamoja. Yule mzee hakusema mengi, aliweka kidole kwenye skrini. Swali la mediani: kiwango cha urahisi, yaani sehemu ya waliolipata, asilimia 8. Safu ya pembeni inaonyesha alama ya kubahatisha, asilimia 25. Akaniuliza, "Watu wako wangefumba macho wote wakachagua, wangapi wangelipata?" Nikajibu robo. Akasema, "Basi waliofumbua macho wameshindwa na waliofumba. Kuna kitu wanakijua ambacho ufunguo wako haukijui."

Kisha akashuka kwenye safu ya utofautishaji. Hasi. Maana yake wanaofanya vizuri kwenye kwizi nzima ndio waliolikosa swali hilo, na wanaofanya vibaya ndio waliolipata. Maswali yote saba yalikuwa hivyohivyo, hasi saba, wazi kabisa kwenye ukurasa. Ripoti ilikuwepo tangu dakika kwizi ilipofungwa. Ningetumia dakika tano tu siku ile, ningeyaona yote.

Nilirekebisha ufunguo, nikasahihisha upya kwa mfumo. Kitufe kipo, na mnaweza kwanza kuendesha usahihishaji wa majaribio unaoonyesha nani atabadilika kabla hamjabadilisha chochote. Karibu darasa zima lilibadilika. Watu watatu walivuka 16. Yule binti alifika 17.5, kati ya yale saba alikuwa amefanya sahihi sita.

Niliandika barua kwenda idara, idara ikaipeleka kitivo, kitivo kikaipeleka Seneti. Watatu hao wakaruhusiwa kufanya mtihani Septemba pamoja na waliosapu, yaani wanaorudia mtihani walioufeli. Yule binti nilimpigia simu mwenyewe, maana sikutaka apate habari hii kwa CR. Nikamweleza lote, kwamba kosa lilikuwa langu na lilikuwa la nini. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikuja na daftari."

Alifaulu. Lakini miezi mitatu alikaa nyumbani akiamini ameshindwa, na baba yake akiamini hivyo, na hakuna barua ya Seneti inayoirudisha miezi hiyo.

Kwa hiyo utaratibu wangu tangu siku ile ni huu, na nataka uwe wenu. Ukishapakia faili, fanya kwizi yako mwenyewe kama mwanafunzi, mwanzo hadi mwisho, ukipiga hesabu kwenye karatasi. Usipopata maswali yote, usiifungue. Kwizi ikifungwa, ripoti kwanza, alama baadaye. Swali lolote lililo chini ya alama ya kubahatisha, au lenye utofautishaji hasi, lifungue ulisome kwa sauti. Mara nyingine ufunguo uko sawa na shida ni shina lenye maana mbili. Hilo lipe uzito wa sifuri, maana swali likishafanywa huwezi kulitoa kwenye kwizi. Na mwanafunzi akija na daftari, liangalie.

5. Majibu mafupi. Mfumo unalinganisha herufi kwa herufi. Wekeni tahajia zote zinazokubalika, tumieni nyota pale neno linapoweza kurefuka, na zimeni ubaguzi wa herufi kubwa na ndogo. Kwa tarakimu tumieni aina ya swali la namba na mweke kiwango cha kukosea: 3.33 na 3.333 ni mtu yuleyule aliyeelewa.

6. Umeme. Kwa kawaida Moodle huhifadhi majibu kila dakika moja, kwa hiyo ukikatika, majibu yaliyokwisha kuhifadhiwa hayapotei, ila saa ya kwizi haisimami. Waongezeeni muda wale walioathirika, kila mmoja kwa jina lake. Msiifungue kwizi upya kwa darasa zima.

7. Simu. Safe Exam Browser, kivinjari kinachomzuia mtahiniwa kufungua vitu vingine, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na iPad, haina toleo la Android, na vijana wetu karibu wote wana Android. Kwizi inayohesabiwa ifanyike maabara, ya mazoezi waifanye popote. Picha za majedwali zipunguzeni uzito, wanalipia bando.

8. Maswali ya bahati nasibu kutoka kwenye benki. Tengenezeni makundi kwa mada na kwa ugumu kabla ya kuuambia mfumo uchague, la sivyo mmoja atapewa kumi za kukumbuka na jirani yake kumi za kuchambua, na nyie mtawalinganisha. Ngazi za Bloom, zile za kupanga maswali kuanzia kukumbuka hadi kuchambua na zaidi, mnazijua. Ziandikeni kwenye majina ya makundi. Mwaka jana mmoja wenu, sasa yuko masomoni, alinijia akilalamika kwamba darasa lake la jioni ni zito. Tulikaa na benki yake mchana mzima. Darasa halikuwa zito. Maswali yote ya kukokotoa alikuwa ameyatumbukiza kwenye kundi moja, na kundi hilo ndilo zamu ya jioni ilipangiwa. Tulikunywa chai, tukayagawa upya moja moja, yalikuwa 160. Nitafanya hivyo na yeyote kati yenu atakayeniomba.

Na sasa zile za Jumatano. Nimeingia kwenye kozi zenu jana usiku, ruhusa ninayo. Kwenye kwizi ya kundi la pili, swali la 17 lina urahisi wa asilimia 11 na utofautishaji hasi. Swali la 6 nalo linanitia shaka. Mwenye kwizi hiyo atajijua. Usitoe alama leo. Kesho nipo ofisini kuanzia saa tatu asubuhi, njoo na faili lako, lile la maandishi lenyewe, kama ulivyolipakia.