Jibu: Makabati ya mninga na ya rangi kwenye jiko moja

Dada, umeuliza kama ukiacha makabati ya chini na mninga wake na kuyapaka rangi yale ya juu, jiko litaonekana viraka. Halitaonekana, mradi mpaka uwe mmoja: chini mbao, juu rangi. Ukichanganya mlango huu na ule, ndipo linapoharibika.

Mninga una wekundu ndani yake, kwa hiyo nyeupe kali haiupendezi. Mimi nilichagua rangi ya maziwa. Paka kwanza kipande cha ubao, kiegemeze kando ya mlango, ukitazame mchana na pia usiku taa ikiwaka.

Usikubali fundi aruke kuosha! Wangu aliruka, na mlango ulio juu ya moto, wenye mafuta ya kukaangia yaliyoganda, ukabanduka rangi kama ganda la kitunguu. Osha kwa maji ya moto na sabuni, uache ukauke kabisa, piga msasa namba 120 kisha 220, futa vumbi, paka praima (rangi ya msingi inayotangulia), halafu rangi yenyewe mikono miwili, yaani mara mbili.

Mninga wenyewe upake vanishi isiyong'aa. Vitasa viwe vya aina moja juu na chini.