Spika ya redio-gramu ya babu imeliwa na mende: ninunue ipi?

Swali: Shikamoo fundi. Nimerithi kwa babu yangu hapa Tanga redio-gramu ya mbao, lile kabati refu lenye redio upande mmoja na sahani ya santuri upande wa pili. Nyuma imeandikwa kuwa imetengenezwa Uholanzi. Valvu, zile taa za kioo za ndani, zinawaka na stesheni zinashika, ila sauti inakwaruza kwa sababu koni ya spika, moja tu ya inchi 8, imeliwa na mende na kupasuka. Nilipokwenda Dar, dukani Kariakoo nilishauriwa nichukue spika ya gari ya wati 300, eti ndiyo itakayodumu. Sina fedha nyingi. Nichukue hiyo, au ipo nyingine ya bei nafuu itakayofaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hiyo ya gari iache dukani, na sababu nitakueleza. Ila kabla hujanunua yoyote, shika kwanza mita ya kupimia umeme. Umesema kifaa kimetoka Uholanzi na kinatumia valvu, na hapo pana jambo ambalo likikupita utatoa fedha mara mbili.

Chomoa plagi ukutani. Kapasita za kifaa cha valvu huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo kama hujawahi kuzitoa chaji, mwite fundi aliyezoea akufungulie mgongo. Kisha ondoa waya mmoja kwenye spika ndipo upime. Ukipima spika ikiwa bado imeunganishwa na transfoma ya sauti, ile inayokaa kati ya valvu na spika, mita itapita kwenye waya wa transfoma, nao ni mnene na mfupi, itakuonyesha karibu na sifuri, nawe utadhani koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua kumbe nzima.

Ukisoma kati ya 5 na 7, spika yako ni ya omu 7 au 8, omu ikiwa kipimo cha ukinzani. Mita hupima ukinzani wa waya peke yake, ndiyo maana namba yake huwa chini kidogo ya ile iliyoandikwa kwenye spika. Ukisoma 3 na ushee, ni ya omu 4, na mbadala wake uwe wa omu 4 vilevile. Mita isiposogea kabisa, tazama zile nyuzi mbili laini zinazotoka kwenye vikonyo vya kuunganishia waya kwenda katikati ya koni. Mara nyingi ndizo zilizokatika, na koili iko salama.

Ukisoma mamia, simama hapo hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, Philips wa Eindhoven, huko huko Uholanzi, walitengeneza vifaa visivyo na transfoma ya sauti. Valvu ziliendesha spika moja kwa moja, na spika hizo zilikuwa za omu 800. Spika yao mashuhuri ya inchi 8, ile 9710, ilitoka kwa namna mbalimbali, zikiwemo 9710M ya omu 7 na 9710AM ya omu 800. Kwa macho ni pacha. Ukiweka spika ya kawaida ya omu 8 mahali pa ile ya 800, utapata sauti ya mbu, na valvu zitateseka.

Kama yako ni hiyo, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuikarabati ile ile. Ya pili ni kufunga spika ya omu 8 kupitia transfoma ya mstari wa volti 100, zile zinazofungwa kwenye spika za honi za misikitini, makanisani na mashuleni. Hesabu yake ni nyepesi: 100 mara 100, gawanya kwa wati za tepu, yaani tawi la transfoma unalounganisha waya. Tepu ya wati 10 ni sawa na omu 1,000, ya wati 15 ni omu 667. Zote mbili ziko jirani vya kutosha na 800, na transfoma hizo hazina bei kubwa. Kazi yenyewe mwachie fundi anayezijua valvu, maana kwenye baadhi ya vifaa hivyo waya wa spika huweza kubeba volti za hatari.

Sasa tuseme umesoma 5 au 6, na transfoma ipo. Hapo ndipo tunapozungumza kununua, na hapo ndipo muuzaji wako alipokosea. Alikuuzia wati. Wati 300 zilizoandikwa kwenye spika ni kiasi cha joto ambacho koili inaweza kuvumilia bila kuungua, hazihusiani na ukubwa wa sauti utakayoipata. Kifaa chako hakina hata wati 10. Valvu moja ya EL84, iliyotumika mno kwenye redio za zama hizo, hutoa wati 4 au 5 ikijitahidi sana, na ECL82 hutoa kama 3. Kinachokuhusu wewe ni wepesi wa spika: ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, inatoa desibeli ngapi?

Spika za karatasi za miaka hiyo zilikuwa nyepesi sana, nyingi zikifika desibeli 92 hadi 95. Spika ya gari yenye koni nzito ya plastiki huwa kwenye 88 au chini yake. Tofauti ya desibeli 3 inataka nguvu maradufu, na ya desibeli 6 inataka mara nne. Yaani kile ambacho babu yako alikipata kwa wati 1, wewe utakitafuta kwa wati 4, ambazo ndizo zote ulizonazo. Utafungua sauti hadi mwisho na bado itakuwa ndogo na yenye mikwaruzo. Tena soma kwa makini yaliyoandikwa kwenye boksi la spika ya gari. Wepesi wake mara nyingi hupimwa kwa volti 2.83, na kwenye omu 4 volti hizo ni wati 2, si 1. Kwa hiyo punguza desibeli 3 kabla hujailinganisha na nyingine.

Hizo omu 4 zenyewe ni tatizo la pili. Kwenye valvu zenye transfoma hazitaua kitu papo hapo, zitakupunguzia tu nguvu na usafi. Kwenye redio-gramu za transista ni hatari. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii nilimfungia mteja spika ya omu 4 kwenye kifaa cha transista za germaniamu kilichotaka omu 8. Kilipiga vizuri siku tatu, transista za mwisho zikaungua, na kuzipata nyingine kulituchukua miezi. Yule mzee alikuwa ameniamini. Tangu siku hiyo sifungi spika bila kupima.

Jambo jingine ni kabati. Redio-gramu nyingi zina mgongo wa ubao laini uliotobolewa matundu, maana yake nyuma kuko wazi, hewa haifungiwi. Spika zilizotengenezwa kwa maboksi ya muziki wa ukumbini zina sumaku kali inayoikamata koni sana, nazo ndani ya kabati la wazi hutoa sauti kavu, isiyo na besi. Muaustralia Neville Thiele alichapisha hesabu za spika na maboksi mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, na leo spika nzuri huja na karatasi yenye namba hizo. Itafute ile iitwayo Qts, inayoonyesha jinsi koni inavyokamatwa: ikiwa ndogo, imekamatwa sana. Kwa mgongo wazi nataka iwe 0.7 au zaidi. Ikiwa 0.3 au 0.4, iache hata kama ni nzuri, si ya kabati lako. Spika ya sabufa usiifikirie kabisa: koni yake ni nzito, na juu haina kitu, hutasikia hata maneno ya taarifa ya habari.

Kwa hiyo ninunue ipi, utauliza. Tafuta spika ya inchi 8, omu 8, koni ya karatasi, yenye koni ndogo ya pili katikati. Hiyo koni ndogo ndiyo inayobeba sauti za juu, ndiyo inayokuepusha kununua twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Kwa bei nafuu, mahali pa kwanza pa kutazama ni kwa wauzaji wa vifaa vya matangazo: spika za dari za inchi 8, zinazofungwa mahotelini na kwenye kumbi. Nyingi zina koni mbili na wepesi wa kuridhisha. Huja na transfoma ndogo mgongoni, itoe tu uunganishe spika yenyewe. Ukiwa na ndugu aliyeko Ulaya wa kukuletea, mwambie akutafutie Visaton BG 20 ya omu 8, ya Ujerumani. Ina koni mbili, wepesi wake umepita desibeli 90, na kwa kabati la wazi ni miongoni mwa spika ninazozipenda, wala si za bei ya kutisha.

Utakutana na watu watakaokwambia uongeze fedha upate sumaku ya alniko kama ya zamani. Alniko ni alumini, nikeli na kobalti, na ni sumaku nzuri, lakini iliondoka madukani kwa sababu ya bei zaidi kuliko ubora. Mei 1978 vita vilipoingia Kolwezi, mkoa wa Shaba nchini Zaire, huko huko Katanga kwa ndugu zetu wa Kongo, kunakochimbwa kobalti, bei yake iliruka, na watengenezaji waliokuwa bado na alniko wengi wakahamia feraiti, sumaku isiyotumia kobalti. Koni nyepesi itakusaidia kuliko jina la sumaku. Ila kumbuka feraiti ni pana kama sahani, kwa hiyo pima nafasi nyuma ya tundu, isije ikagusa valvu au transfoma.

Pima pia tundu lenyewe, na umbali kutoka skrubu hadi skrubu inayoikabili. Inchi 8 za kiwanda kimoja si za kingine. Zisipolingana, usitoboe kabati la babu: mwambie seremala akukatie pete ya plaiwudi, skrubu za zamani ziishike pete, na pete iishike spika mpya. Kitambaa cha mbele kiache, kipige brashi laini tu.

Na ile ya zamani usiitupe. Bonyeza koni taratibu kwa vidole pande zote sawasawa. Kama haisuguani ndani, mende wamekula karatasi tu, na hiyo inatibika. Fungua kifuko cha majani ya chai, kichane vipande, vibandike nyuma ya mpasuko kwa gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa maji kidogo, uache ikauke usiku kucha. Usitumie gundi ya viatu wala ile kali ya kugandisha papo hapo, koni itakuwa ngumu na sauti itabadilika. Kwa matundu madogo, mimi ningeanza hapa kabla ya kununua chochote.

Fedha utakayookoa, itumie kwenye kapasita inayoingiza sauti kwenye valvu ya mwisho. Baada ya miaka 60 nyingi huvuja, valvu hunywa umeme kupita kiasi, na inayoungua ni transfoma ya sauti, ambayo kuipata ni kazi kuliko spika. Wala usiwashe kifaa hicho hata dakika moja kikiwa hakina spika, maana transfoma isiyo na mzigo huzalisha volti zinazoiua yenyewe.

Ukishapima, niandikie namba ya mita, majina ya valvu yaliyoandikwa kwenye kioo, na kina cha nafasi nyuma ya spika kwa sentimita. Hapo nitakwambia kama ile ya dari itaingia, au uende moja kwa moja kwa fundi wa transfoma.