Boksi la keki za mwezi: usianze na joka

Ukiambiwa ubuni boksi la sikukuu ya Kichina, mkono utakimbilia nyekundu, dhahabu na joka. Wangu nao ulikimbilia hukohuko. Mwaka wangu wa kwanza Guangzhou nilipewa boksi la keki za mwezi, zile zinazoliwa kwenye sikukuu ya tarehe 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda yao ya mwandamo. Nikachora herufi ya fu, yaani baraka, miguu juu kichwa chini, nikaizungushia fataki. Fundi mzee wa mashine ya kuchapa akaligeuzageuza boksi, akauliza: "Kwani mwaka mpya umesogezwa?"

Fu hupinduliwa kwa sababu "kupinduka" na "kufika" kwao yote hutamkwa dao: baraka zimefika. Ni pambo zuri, ila mahali pake ni mlangoni, mwaka mpya. Keki ya mwezi ina vyake: Chang'e, mwanamke wa hekaya aliyeruka hadi mwezini, sungura anayetwanga dawa hukohuko, maua ya osmanthus yanayonukia majira hayo. Na duara. Keki ni ya mviringo kwa kuwa ukoo umekutana tena. Boksi langu la pili lilikuwa na tundu moja tu la mviringo kwenye kifuniko, chini yake karatasi ya njano. Fundi hakusema kitu, nami nikashukuru.

Utasikia pia kwamba 4 ni mwiko, maana kwa Kichina nne hutamkwa "si", na matamshi hayo yanakaribiana na neno la kifo. Ni kweli, lakini ingia dukani Hong Kong uone: bati la keki nne ndilo la kawaida kabisa. Kwa hiyo waulize wauzaji kabla hujajitia ujuaji.

Kisha soma sheria. Tangu tarehe 15 Agosti 2022, China hairuhusu keki hizi zifungwe kwa zaidi ya tabaka 3. Bei ikizidi yuan 100, gharama ya kifungashio isipite asilimia 15 ya bei hiyo. Madini ya thamani na mbao za kifahari marufuku, na huwezi kuchomeka bidhaa nyingine ndani. Wapo wabunifu walionuna. Mimi naipenda, kwa sababu huwezi tena kuficha wazo bovu chini ya hariri.

Rangi ya dhahabu usiipitishe kwenye mkunjo, itapasuka. Keki iache ilale ndani ya sampuli usiku mmoja, maana ile ya rojo la mbegu za yungiyungi ina mafuta, na asubuhi utakuta duara ambalo hukulichora.

Halafu libebe. Maboksi mengi hununuliwa kupelekewa wakwe, mabosi, walimu, yanapanda mabasi. Keki nne za gramu 185 zinakaribia robo tatu ya kilo. Kamba ya sampuli yangu ilichomoka kituo cha pili.